Mtoto Asipokua Vizuri, Kijiji Kijiulize

Hapa Chekereni watu wanajua mambo ya maji. Maji ya mfereji yana zamu. Kila mkulima anajua siku yake. Jaruba la mtu likikauka, habari huenea siku hiyo hiyo. Viongozi wa mfereji huitwa. Watu hufuata mfereji hatua kwa hatua mpaka waone maji yamepotelea wapi. Hakuna anayesema, "Jaruba hilo ni la mama fulani, shauri yake."

Sasa nakuuliza swali. Mtoto wa jirani yako akikaa miezi mitatu bila kuongezeka uzito, nani anajua? Nani anaitwa? Nani anafuata jambo hilo hatua kwa hatua mpaka aone chakula kimepotelea wapi?

Mara nyingi anayejua ni mama peke yake. Naye anajua kwa sababu ameambiwa kliniki. Hurudi nyumbani na kadi yake mkononi. Huiweka chini ya godoro, na jambo huishia hapo.

Mimi si mganga. Ni mwalimu wa elimu ya watu wazima. Lakini ninayo maoni, na ninapenda uyasome, uyapime, kisha uyajadili na wenzako darasani. Maoni yangu ni haya: Ukuaji wa watoto wadogo ni jambo la kijiji kizima. Uwe ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji, kama maji, kama barabara, kama shule.

UDUMAVU NI NINI?

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa mfupi kuliko inavyopasa kwa umri wake. Hali hii huja polepole. Huja kwa sababu mtoto amekosa chakula bora kwa muda mrefu, au ameugua mara kwa mara, au mama yake hakula vizuri alipokuwa mjamzito. Mara nyingi sababu hizi huja pamoja.

Mtoto mwenye unyafuzi huonekana. Miguu yake huvimba. Nywele zake hubadilika rangi. Watu humwona wakasema, "Mpelekeni hospitali." Lakini mtoto aliyedumaa haonekani mgonjwa. Anacheza na anacheka. Wewe unamwona kila siku ukidhani ana mwaka mmoja na nusu, kumbe ana miaka miwili na nusu. Kwa hiyo udumavu hujificha. Macho hayatoshi kuuona. Dawa ya kuuona ni kupima.

Hebu tusome hesabu kidogo. Mtoto mwenye afya huzaliwa akiwa na urefu wa sentimeta 50 hivi. Akitimiza mwaka mmoja huwa na sentimeta 75 hivi. Akitimiza miaka miwili huwa na sentimeta 86 hivi. Maana yake, mwaka wa kwanza ameongezeka sentimeta 25. Hatakua tena kwa kasi ile maisha yake yote.

Urefu wenyewe si jambo kubwa. Jambo kubwa ni kwamba wakati mwili unakua kwa kasi hiyo, akili nayo inajengwa. Mtoto aliyedumaa huugua mara nyingi zaidi. Shuleni huweza kupata shida ya kushika masomo. Akiwa mtu mzima, nguvu zake za kazi huweza kuwa pungufu. Kama ni msichana, siku moja atakuwa mama. Mwanamke aliyedumaa utotoni huweza kupata shida wakati wa kujifungua, na mtoto wake huweza kuzaliwa mdogo. Hivyo udumavu wa leo huzaa udumavu wa kesho.

Katika nchi yetu jambo hili linapungua, lakini halijaisha. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 42 walikuwa wamedumaa. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 katika kila 100. Mkoa wetu wa Kilimanjaro una nafuu kuliko mikoa mingi. Lakini nafuu si kupona. Mtoto wako akiwa mmoja wa waliodumaa, nafuu ya mkoa haimsaidii kitu.

SIKU 1,000

Chukua daftari lako uandike hesabu hii:

Siku za mimba: 270
Siku za mwaka wa kwanza: 365
Siku za mwaka wa pili: 365
Jumla: 1,000

Hizi ndizo siku ambazo udumavu huingia, na ndizo siku za kuuzuia. Mtoto akivuka siku hizo akiwa amedumaa, ni vigumu sana kurudisha kilichopotea. Wazee walisema, samaki mkunje angali mbichi.

Wakati wa mimba, mama ale mlo mmoja zaidi ya kawaida yake. Ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa kliniki. Apunguziwe kazi nzito. Mtoto akizaliwa, apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita. Asipewe hata maji. Mama anayenyonyesha ale milo miwili zaidi. Baada ya miezi sita mtoto aanze kula chakula, huku akiendelea kunyonya mpaka afike miaka miwili au zaidi.

Tumbo la mtoto ni dogo. Hawezi kula asubuhi na usiku tu kama mtu mzima. Mtoto wa miezi 6 mpaka 8 apewe chakula mara 2 au 3 kwa siku. Mtoto wa miezi 9 mpaka 23 apewe mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, kama ndizi mbivu au kipande cha parachichi.

GHALA LIKIJAA, SAHANI INAWEZA KUWA TUPU

Wengine watasema, "Udumavu ni wa mikoa yenye njaa. Sisi tuna mpunga."

Ni kweli tuna mpunga. Mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa Japani. Maji ya mito ya Rau na Njoro yakaletwa katika majaruba. Tambarare iliyokuwa kavu ikawa shamba la kijani. Wakulima wengi walijenga nyumba za mabati na kusomesha watoto kwa mpunga. Hayo ni maendeleo, na hakuna mtu wa kuyadharau.

Lakini wali mtupu haumjengi mtoto. Wali hutia nguvu. Nyama, samaki, dagaa, mayai, maziwa, maharage, kunde na choroko hujenga mwili. Mboga na matunda hulinda mwili. Mafuta kidogo huongeza nguvu katika chakula cha mtoto. Gunia la mpunga ghalani haligeuki kuwa yai katika sahani ya mtoto mpaka mtu aamue hivyo.

Mwaka 1975 watafiti watatu, Marja-Liisa Swantz, Ulla-Stina Henricson na Mary Zalla, walitoa taarifa kupitia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Taarifa hiyo ilihusu sababu za kijamii na kiuchumi za utapiamlo katika Wilaya ya Moshi. Fikiri juu ya maneno hayo. Wilaya ya Moshi ilikuwa na kahawa, migomba, shule na hospitali. Hata hivyo, watoto wenye utapiamlo walikuwamo. Sababu zilitafutwa katika maisha ya watu: kazi, ardhi, fedha na mambo ya nyumbani. Huko ndiko tunakopaswa kutazama hata leo.

Basi tutazame nyumba zetu. Mimi naona mambo matatu.

La kwanza ni muda wa mama. Kazi ya mpunga ina haraka. Kuna kupandikiza, kupalilia, kuamia ndege na kuvuna. Mama huamka alfajiri, huchota maji, hupika uji, kisha huingia jarubani. Mtoto mdogo huachwa na dada yake mwenye miaka saba au minane. Uji wa asubuhi ndio uji wa mchana, nao umekwisha kupoa, na nzi wameuonja kabla ya mtoto. Mama akirudi jioni, mtoto amelala. Je, mama huyu ni mvivu? La. Mama huyu amezidiwa na kazi.

La pili ni fedha za mavuno. Mpunga ukiuzwa, nani anashika fedha? Nani anaamua zitumike vipi? Mahali ambapo mke analima na mume peke yake anaamua, mara nyingi chakula cha mtoto huwa jambo la mwisho. Tena tunauza mayai ili kununua soda na biskuti. Tunauza maziwa yote ya asubuhi bila kubakiza kikombe. Hiyo ni biashara ya hasara.

La tatu ni magonjwa. Mfereji huleta uhai, lakini maji yake si ya kunywa. Mtoto akinywa maji machafu ataharisha. Akiharisha mara kwa mara, chakula anachokula hakimsaidii. Minyoo na malaria nazo hula sehemu yake. Kwa hiyo choo bora, maji yaliyochemshwa, sabuni na chandarua ni sehemu ya lishe. Usipovitumia, utamlisha mtoto na minyoo yake.

IRINGA WALIFANYA NINI?

Sasa tusafiri kidogo mpaka Iringa. Mkoa ule pia una chakula kingi. Mwaka 1983 ulianzishwa huko mpango wa lishe. Serikali yetu ilishirikiana na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya UNICEF na WHO, na fedha za msaada zilitoka Italia. Mpango ulianza katika vijiji 168.

Kazi haikuanza kwa kugawa chakula. Ilianza kwa kupima. Kila baada ya miezi mitatu watoto wadogo wa kijiji walipimwa uzito. Walipimwa kijijini, si mbali hospitalini. Wanakijiji waliochaguliwa walifundishwa kazi za afya. Hesabu ya watoto ilipelekwa katika kamati ya afya na katika halmashauri ya kijiji. Hapo ndipo palipokuwa na nguvu ya mpango ule. Watu walifuata hatua tatu: kutambua hali ya mtoto, kutafuta sababu, kisha kutenda. Baada ya miezi mitatu walipima tena, wakaona kama walichotenda kimesaidia. Kama hakikusaidia, walitafuta njia nyingine. Walianzisha pia vituo vya kulishia watoto wakati wazazi wako kazini.

Matokeo yalionekana. Mwanzoni, katika kila watoto 100 waliopimwa, 6 hivi walikuwa na utapiamlo mkali. Kufikia mwaka 1988 walikuwa wamebaki chini ya 2. Watoto wenye uzito pungufu kwa jumla walishuka kutoka 56 hivi katika kila 100 mpaka 38.

Lakini, ndugu msomaji, habari haiishii hapo. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, Iringa ndio mkoa ulioongoza kwa udumavu nchini. Zaidi ya nusu ya watoto wake wadogo walikuwa wamedumaa. Hesabu ya zamani ilikuwa ya uzito na hii ni ya urefu, kwa hiyo haifai kuzilinganisha moja kwa moja. Hata hivyo tunajifunza mambo mawili. Kwanza, kupima uzito peke yake hakutoshi. Urefu nao upimwe. Pili, kazi hii haina siku ya kusema tumemaliza. Kila mwaka huzaliwa watoto wapya, na kila mtoto ana siku zake 1,000. Mfereji uliosafishwa mwaka jana huziba tena mwaka huu usiposafishwa.

TUFANYE NINI CHEKERENI?

Hatuanzi na mikono mitupu. Serikali imeweka Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji kila baada ya miezi mitatu. Wapo wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Halmashauri za wilaya zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto mwenye umri chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Na kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji nao huitwa kila baada ya miezi mitatu. Kupima ni kila miezi mitatu, na mkutano ni kila miezi mitatu. Kwa nini viwili hivi visikutane?

Napendekeza mambo manne.

1. Watoto wote wapimwe. Wapimwe uzito kwa mizani na urefu kwa ubao wake. Mkono upimwe kwa utepe wa rangi tatu. Utepe huo ni kwa mtoto aliyetimiza miezi sita. Ukionyesha kijani ni salama. Ukionyesha njano ni hatari inakuja. Ukionyesha nyekundu, yaani mkono haufiki sentimeta 11 na nusu, mtoto apelekwe zahanati siku hiyo hiyo.

2. Hesabu isomwe mkutanoni. Tuchukue mfano wa kitongoji chenye watoto 60. Mwenyekiti asome hivi:

Watoto waliopo: 60
Waliopimwa: 48
Walioongezeka vizuri: 39
Wasioongezeka: 9
Wasioletwa kupimwa: 12

Kisha mkutano uulize. Hao 9 wana shida gani? Na hao 12 wako wapi? Mara nyingi mtoto asiyeletwa ndiye mwenye shida kubwa zaidi. Pengine mama yake ni mgonjwa. Pengine baba amehama nyumba. Pengine wanaona aibu. Hesabu ya 12 ni muhimu kama hesabu ya 9.

3. Kijiji kitende. Msimu wa kupandikiza na wa kuvuna, kina mama wa kitongoji kimoja waweke zamu ya kulea. Leo wawili wabaki na watoto, wawapikie na kuwalisha mara mbili kabla ya jioni. Kesho wabaki wengine wawili. Wakati wa mavuno kila kaya itoe kisado cha mpunga na kisado cha maharage kwa chungu hicho. Mwenye kuku atoe mayai. Mwenye ng'ombe atoe maziwa. Tunachangia mfereji, kwa nini tusichangie chungu?

4. Baba ashiriki. Mpunga ukiuzwa, mume na mke wakae pamoja na daftari. Kabla ya kuandika mabati na pikipiki, waandike maharage, dagaa, mafuta na mayai ya mtoto mpaka msimu ujao. Baba aende kliniki walau mara kwa mara. Aisome kadi ya mtoto mwenyewe. Sasa unajua kusoma. Kadi hiyo ni kitabu chako cha kwanza.

Hapo sidai jambo geni. Wazee wa mlimani walikuwa na desturi nzuri. Mwanamke akijifungua alipumzika ndani kwa miezi mitatu hivi. Alipikiwa mtori, akapewa nyama, supu na maziwa. Kazi ya shamba ilifanywa na wengine, na baba alitafuta mnyama wa kuchinja. Ukoo mzima ulijua kwamba mama anayenyonyesha hatakiwi kubeba mzigo peke yake. Wengi waliohamia tambarare waliiacha desturi hiyo huko juu pamoja na vihamba vyao. Tuirudishe. Si lazima achinjwe mbuzi. Hata mwezi wa kupumzika na sufuria ya mtori ni kitu.

WANAOPINGA WANASEMA NINI?

Wapo wanaosema, "Chakula cha mtoto ni kazi ya mama. Mkutano wa kijiji hauhusiki." Nawajibu hivi: Mkono mmoja haulei mwana. Mama hawezi peke yake kuchimba kisima, kugawa fedha za mavuno na kuwa jarubani na nyumbani kwa wakati mmoja.

Wapo wanaosema, "Mtaaibisha watu." Hofu hiyo ni ya haki. Kwa hiyo mkutanoni zisomwe hesabu, yasisomwe majina. Jina la mtoto abaki nalo mhudumu wa afya, naye amtembelee mama nyumbani kwa heshima, asikilize kabla ya kushauri. Anayekwenda kumsuta mama anafukuza mtoto asiletwe tena.

Wapo wanaosema, "Sisi ukoo wetu ni wafupi." Ni kweli watu wazima hutofautiana. Lakini kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani liliwachunguza watoto wa nchi sita: Brazili, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani. Walikuwa watoto waliolishwa vizuri na kutunzwa vizuri. Ikaonekana kwamba wadogo hao walikua karibu sawa, Mwafrika na Mzungu, Mwarabu na Mhindi. Basi tusiutupie ukoo lawama kabla ya kutazama sahani.

Wapo wanaosema, "Hatuna fedha za vyakula hivyo." Ni kweli nyama ni ghali. Lakini mnafu na mchicha huota hata kando ya mfereji. Kunde na choroko hustawi katika udongo wetu. Perege na dagaa hupatikana sokoni, na dagaa wachache waliosagwa hutosha uji wa mtoto mmoja. Tena si lazima kusaga nafaka saba pamoja na kuziita unga wa lishe. Uji wa nafaka moja, ukitiwa maziwa au karanga safi zilizosagwa, unatosha. Nafaka na karanga ziwe kavu, zisiwe na ukungu, kwa sababu ukungu huweza kuwa na sumu.

Na kama ipo kaya isiyo na jaruba, wala kuku, wala kitu cha kuuza, basi hiyo ndiyo sababu kubwa ya jambo hili kuwa la kijiji. Kaya hiyo haitajiokoa kwa kuhubiriwa. Itaokolewa kwa chungu cha pamoja na kwa kupewa kazi na kipande cha bustani.

MANENO YA MWISHO

Mwaka 1973 watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kusoma vitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya. Walitoka wakachimba vyoo. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi hivyo vilikuwa vya watu wazima kama ninyi, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejua kusoma. Kusoma kwao hakukuishia darasani.

Ndugu msomaji, sasa unaweza kusoma mizani. Unaweza kusoma kadi ya kliniki. Unaweza kuandika 60, ukatoa 48, ukapata 12. Hesabu hiyo ndogo inaweza kumwokoa mtoto. Mkutano mkuu ujao wa kijiji, mwenyekiti akiuliza, "Je, kuna ajenda nyingine?" wewe inua mkono. Sema, "Ndugu Mwenyekiti, tunaomba kusomewa hesabu ya watoto."

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini macho hayatoshi kumtambua mtoto aliyedumaa?
2. Katika kitongoji chako kuna watoto wangapi wenye umri chini ya miaka miwili? Waliopimwa safari iliyopita ni wangapi?
3. Msimu wa kupandikiza, nani huwalisha watoto wadogo mchana? Zamu ya kulea inaweza kupangwaje kwenu?
4. Fedha za mpunga zikipatikana nyumbani kwako, nani huamua matumizi? Andika vitu vitatu vya chakula cha mtoto ambavyo vingepaswa kuwa mwanzo wa orodha.
5. Je, unakubali kwamba hesabu za watoto zisomwe katika mkutano mkuu? Toa sababu zako. Kama hukubali, eleza njia iliyo bora zaidi.